Shibe ya Uongo

1

Mama Sechelela Ndahani hakuja na barua ya malalamiko. Alikuja na ng'ombe aliyekufa.

Alimleta juu ya kitoroli cha umeme, kamfunika turubai, akakiegesha katikati ya lango la Kituo cha Lishe ya Mifugo cha Mhalala Jumatatu saa mbili kasoro asubuhi, wakati hasa wafanyakazi wanapoingia kazini. Askari wa lango alimwomba asogee pembeni. Hakusogea. Alikuwa mwanamke wa makamo, mrefu, mwenyekiti wa wafugaji wa kata nzima, na sauti yake ilizoea kuita ng'ombe kutoka ng'ambo ya bonde.

"Nani humu ndani anayepima majani?" aliuliza. "Namtaka huyo. Wengine piteni."

Watu wote walimgeukia Dk. Nyemo Chibago, aliyekuwa ndiyo kwanza anashuka kwenye baiskeli yake.

Nyemo alikuwa na miaka arobaini na mmoja, na kumi na minne kati ya hiyo ameitumia hapo kituoni, kwenye kitengo cha vipimo. Hakuna jani lililoruhusiwa kugawiwa kwa wafugaji nchini kabla hajatia saini yeye. Na nyasi-jiwe zilikuwa na saini yake.

"Mbukwa, daktari," Mama Sechelela alimsalimu kwa Kigogo, bila tabasamu.

"Mbukwa, mama. Pole sana."

"Pole usinipe. Shika kisu umfungue huyu hapa hapa, tuone wote. Ni wa kumi na saba. Na kila mmoja amekufa ameshiba."

Sheria ya Ngozi Nzima ilikataza chombo chochote cha utafiti kupenya ngozi ya mnyama aliye hai. Juu ya aliyekufa haikusema neno. Nyemo alivua koti, akaomba kisu na glavu, akapiga magoti kwenye vumbi mbele ya wafanyakazi wenzake. Alipolipasua tumbo kubwa, lile la kwanza ambamo majani hulowekwa na kuchachuka, alitegemea ile harufu kali ya uchachu inayowasha macho. Haikutoka. Kilichotoka ni harufu ya nyasi mbichi zilizolowa maji.

Aliingiza mkono hadi kwenye kiwiko akatoa konzi moja. Nyasi zilikuwa za kijivu kama zilivyovunwa, na ncha zake bado zilikuwa na makali.

"Alikula lini mara ya mwisho?"

"Alhamisi. Ijumaa alilala chini, hakuinuka tena, na usiku wa kuamkia leo akafa."

Siku nne. Nyasi zilikaa siku nne ndani ya tumbo la ng'ombe na hazikuguswa. Nyemo aliendelea kupiga magoti, konzi imo mkononi, na kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe aliionea haya saini yake.

2

Mvua zilikuwa zimekosa msimu wa tatu mfululizo. Katika nyanda zote za kati kitu pekee kilichoweza kuota ni nyasi-jiwe, nyasi zilizobuniwa maabara zikafundishwa kushika mwamba mtupu, kunywa umande na kujijenga kwa chembe za mchanga zinazozitafuna kutoka kwenye jiwe lenyewe. Kata tatu zilikuwa zimekwisha kuzijaribu kwa miezi minne. Ijumaa ya wiki iliyofuata Waziri angetia saini zigawiwe nchi nzima.

Na nyasi hizo zilikuwa zimepimwa na Tumbo la Kioo.

Tumbo hilo lilikuwa na ukumbi wake peke yake, refu kama ghorofa mbili. Lilikuwa pipa la kioo, na ndani ya kioo ukuta wa nyama hai, iliyokuzwa kutokana na chembe za ng'ombe aliyekufa zamani, ulijikunja na kujikunjua mara moja kila dakika. Katika uji wake wa kijani waliishi vijidudu wasiohesabika, aina zilezile zinazomfanyia ng'ombe kazi asiyoiweza mwenyewe, ya kuyavunja majani na kuyageuza kuwa chakula. Ulitia nyasi kwa kipimo juu, ukasubiri siku mbili, ukapima kilichobaki chini. Hakuna mnyama aliyechanjwa kwa kisu wala kufungwa. Miaka thelathini na mitatu Tumbo la Kioo lilikuwa fahari ya nchi.

Nyemo alilitilia nyasi zilezile alizozitoa kwa ng'ombe aliyekufa, zikaoshwa, zikakaushwa. Jumatano asubuhi namba ikatoka. Sabini na mbili kwa mia zimemeng'enywa.

"Limezikomba," alisema, kana kwamba anazungumza na ukuta.

"Hili halijawahi kulala njaa hata siku moja, daktari," alisema Yoeli Madeje.

Yoeli alikuwa fundi wa ukumbi, mzee wa miaka sabini na miwili, aliyestaafishwa mara mbili na mara mbili akaitwa arudi kwa sababu hakuna mwingine aliyejua Tumbo linapougua. Alikuwa juu ya ngazi akifuta kioo kwa kitambaa.

"Nalilisha mimi," aliendelea. "Kila saa sita, kwa kipimo, na maji masafi, na joto lilelile. Vijidudu vya humu vimezaliana miaka thelathini na mitatu havijui kiu, havijui jua, havijui kutembea kilomita ishirini kutafuta kisima. Sasa vimekuwa kabila lingine. Si vile vilivyoko tumboni mwa ng'ombe wa Mama Sechelela."

Nyemo alimtazama. "Umelijua hilo tangu lini?"

"Nimelihisi. Kulijua ni kazi yenu."

"Ningepata namba kutoka ndani ya ng'ombe aliye hai..."

"Zamani ilikuwa rahisi." Yoeli alishuka ngazi taratibu. "Nilipoanza kazi tulikuwa na ng'ombe watatu wenye madirisha. Unachanja ubavuni, unatia kizibo cha mpira, kidonda kinapona. Ukitaka kulijua jani, unalitia kwenye kifuko cha nailoni, unakitumbukiza tumboni kwa uzi, unaenda zako kunywa chai. Baada ya siku mbili unakivuta, unaosha, unapima. Kilichopungua ndicho alichomeng'enya."

"Na ng'ombe wenyewe?"

"Walikula vizuri. Walinenepa. Mmoja aliishi miaka kumi na mitano." Alikunja kitambaa mara mbili, tatu. "Ila yule mweupe, kila nikishika uzi, alikuwa anageuza shingo kunitazama. Sikuwahi kujua anasema nini."

3

Profesa Elinami Kilewo, mkurugenzi wa kituo, alimsikiliza Nyemo mpaka mwisho. Hakupandisha sauti. Alikuwa mmoja wa vijana watano waliolijenga Tumbo la Kioo, na wanne kati yao walikuwa wameshazikwa.

"Ng'ombe kumi na saba katika kata moja," alisema. "Huenda ni ugonjwa."

"Nimeona nyasi kwa macho yangu, Profesa. Ng'ombe wale wamekufa kwa njaa na tumbo limejaa."

"Konzi moja, kutoka ng'ombe mmoja, aliyekufa. Wewe mwenyewe usingempitisha mwanafunzi kwa ushahidi huo." Alivua miwani. "Nisikilize, Nyemo. Unajua ni nani wanaongoja kusikia kwamba Tumbo linadanganya? Wako wengi, na wana visu. Watasema, mnaona, hakuna ukweli bila kumpasua mnyama. Sheria ya Ngozi Nzima haitamaliza mwaka. Nilikuwepo kabla ya sheria hiyo. Sikuona yale mazizi mazuri tu anayoyasimulia Yoeli. Niliona na mengine."

Nyemo alijua hilo si kisingizio. 

"Kwa hiyo tunyamaze, ng'ombe wa nchi nzima wale mpaka wafe?"

"Niletee namba. Kutoka kwa ng'ombe walio hai, wengi, namba ambayo mtu hawezi kuipinga. Niletee kabla ya Ijumaa ile, nami nitakwenda kwa Waziri kwa miguu yangu." Alivaa miwani. "Lakini ukichanja hata mmoja, mimi mwenyewe nitakushtaki."

4

Alhamisi Nyemo na Yoeli walifika kwa Mama Sechelela. Boma lake lilikuwa chini ya kilima cha mawe kilichovaa nyasi-jiwe kutoka unyayo hadi kileleni, kijivu kitupu. Ng'ombe mia nne wa kata walikuwa wamekusanywa hapo, na mbavu zao ungeweza kuzihesabu ukiwa njiani. Matumbo yao yalikuwa makubwa, yamevimba kama ya wenye mimba.

Mmoja tu alikuwa tofauti. Ng'ombe jike wa rangi ya karanga iliyokaangwa, manyoya yanang'aa, macho makavu.

"Huyo ndiye Karanga," alisema Mama Sechelela. "Anakula nyasi zilezile, maji yaleyale. Sijui ana nini." Kisha akashusha sauti. "Daktari, nimesikia habari za madirisha. Mfungue huyu, na mmoja wa wagonjwa. Siku mbili tu utakuwa na jibu lako. Ule mkufu wa ulinzi wa serikali shingoni mwake utalia ofisi ya kata ukionja damu, najua, lakini mikufu tunajua kuilaza. Nani atasema? Mimi nitasema? Ng'ombe ni wangu."

Alitoa kisu chenyewe kwenye ala, akakishika kwa ncha, akamwelekezea Nyemo mpini.

Nyemo alikipokea. Baadaye aliona aibu kukiri kwamba alikipokea, lakini ndivyo ilivyokuwa. Alimsogelea Karanga, akaweka kiganja ubavuni pake, nyuma ya mbavu ya mwisho, mahali hasa ambapo dirisha hukatwa. Alihisi tumbo likijiviringisha chini ya ngozi, polepole, lenye nguvu. Siku mbili. Jibu lilikuwa upande wa pili wa ngozi, unene wa kidole tu.

Alimwaza Profesa na mazizi aliyoyaona. Aliwaza wale wanaongoja. Angeweza kupata ukweli wa nyasi-jiwe kwa siku mbili, na ukweli huo ungefungua mlango kwa kila mwenye kisu, kwa miaka hamsini ijayo, na wote wangesema kwamba Dk. Nyemo Chibago ndiye aliyeonyesha njia.

"Siwezi, mama."

"Huwezi au hutaki?"

"Sitaki. Kuna njia nyingine. Itachukua wiki."

"Wiki!" Mama Sechelela alimpokonya kisu. "Unajua wiki ni ng'ombe wangapi? Hao unaowaonea huruma ya kuchanjwa kidogo, watakufa kumi wakati unasubiri. Huruma gani hiyo?"

Nyemo aliondoa kiganja ubavuni pa Karanga.  "Watakufa, na itakuwa juu yangu. Sitasema si juu yangu. Lakini nikichanja leo, nimewachanja na wa kesho wote."

Mama Sechelela alitema mate pembeni, akarudisha kisu alani.

"Sema njia yako."

5

Njia yake ilikuwa mavi.

"Nyasi-jiwe zinakula mchanga," aliwaeleza wafugaji siku hiyohiyo, amesimama juu ya ndoo iliyopinduliwa ili wa nyuma wamwone. "Katika kila gramu mia za nyasi kavu, gramu nne ni mchanga mtupu. Mchanga huo haumeng'enywi na tumbo lolote. Unaingia gramu nne, unatoka gramu nne. Sasa fikirini. Ng'ombe akizimeng'enya nyasi sana, mavi yanakuwa machache, na mchanga ndani yake unaonekana mwingi. Asipozimeng'enya, mavi ni mengi, na mchanga umetawanyika. Nyasi zimebeba shahidi wake ndani. Hatuna haja ya kumpasua mnyama yeyote. Tumuulize shahidi akitoka."

"Na kama Tumbo la Kioo linasema kweli?" aliuliza mwanamume mmoja.

"Basi kwenye gramu mia za mavi makavu tutakuta mchanga gramu kumi na nne na kitu. Pungufu ya hapo, limedanganya."

Yoeli alinyoosha mkono. "Neno moja. Mavi yasiguse ardhi. Yakigusa ardhi yameokota mchanga wa Mungu, na hesabu imekwisha. Na nyasi mzikate, mziweke kwenye turubai, wasilambe udongo."

Mwanamke mmoja akauliza, "Yadakwe hewani?"

"Hewani, dada yangu."

Kicheko kilichofuata kilikuwa cha kwanza katika boma lile baada ya miezi mingi.

Kuanzia Ijumaa hadi Jumanne kata nzima iliishi nyuma ya mikia. Walichagua ng'ombe arobaini, mmoja akiwa Karanga. Kila mmoja alipewa watu wawili wa kupokezana, na ndoo, na daftari. Wazee wenye heshima zao walionekana wakikimbia na ndoo kwa mikono miwili kama wachezaji wanaowahi mpira. Mchungaji wa kanisa alikosa shabaha, yakamwagikia viatu, akasamehewa kwa makofi. Mama Sechelela aliwatambua ng'ombe wake kwa namna wanavyoinua mkia, akawa anapiga kelele kutoka upande wa pili wa boma, "Wewe! Wa kwako tayari! Nyanyua ndoo!"

Ng'ombe tisa walikufa siku hizo. Kwa kila mmoja Nyemo alikwenda, akasimama hadi mnyama alipokata roho, akaandika jina lake. Hakuna aliyemlazimisha. Wa saba alikuwa ndama, na siku hiyo Nyemo alishindwa kula.

Jumatano walikausha. Alhamisi Yoeli aliingiza vijungu mia mbili vya mavi makavu kwenye tanuri, majivu yakatoka meupe, yakachemshwa kwenye tindikali, yakachujwa, na kilichobaki kwenye karatasi kilikuwa mchanga mtupu. Nyemo alipima mwenyewe. Alipima kijungu cha kwanza, akapima cha pili, na alipofika cha kumi alikuwa ameshajua, lakini alipima vyote.

Wastani ulikuwa gramu tano na nukta nane.

Tumbo la Kioo lilisema sabini na mbili kwa mia. Ng'ombe walio hai walisema thelathini na moja.

Isipokuwa mmoja. Kwenye vijungu vya Karanga mchanga ulikuwa gramu kumi na moja. Yeye alikuwa akimeng'enya sitini na nne.

6

Profesa Kilewo alizisoma karatasi amesimama. Alipomaliza alizirudia tena kutoka mwanzo, kidole kikifuata mistari.

"Hakuna aliyechanjwa?"

"Hakuna hata aliyefungwa kamba, Profesa."

Aliondoka saa ileile kwenda Dodoma, na Ijumaa asubuhi, dakika chache kabla ya kalamu, alimweleza Waziri mbele ya kamati nzima kwamba kazi ya maisha yake ilikuwa imetoa namba ya uongo, na kwamba ameletewa ukweli kwenye ndoo. Saini haikutiwa.

Lakini alipopiga simu kituoni sauti yake haikuwa ya mshindi. "Wameniuliza swali moja, Nyemo, nami sikuwa na jibu. Nyasi-jiwe hazifai. Haya. Ng'ombe wale nini, maana hakuna kingine kinachoota?"

Nyemo aliendesha hadi bomani na swali hilo, Yoeli kando yake. Alimkuta Mama Sechelela ameketi kwenye jiwe, Karanga amesimama karibu yake, taya zikienda kushoto na kulia.

"Mama, huyu alikulia wapi?"

"Hapa hapa. Mama yake alikufa akimzaa. Nilimweka na mbuzi, akanyonya kwa mbuzi, akalala na mbuzi. Alijiona mbuzi mpaka alipoota pembe." Akainuka kwenye jiwe. "Mbuzi wangu hawajafa hata mmoja."

"Wanakula nyasi-jiwe?"

"Kuliko wote."

 Karanga alimeza, akatulia kidogo, shingo ikapandisha uvimbe kutoka chini hadi juu, akaanza kutafuna tena.

"Marehemu mama yangu," Mama Sechelela alisema pole pole, "ng'ombe akigoma kula, alikuwa anamwendea mzima, anamwibia tonge mdomoni analocheua, anamlisha mgonjwa. Mabwana mifugo walimcheka."

"Hawakupaswa kumcheka," alisema Nyemo. "Ndani ya tonge hilo kuna vijidudu vyote anavyovihitaji, na Karanga anavyo vya mbuzi."

Yoeli alikuwa tayari anakunja mikono ya shati. "Angekuwa na dirisha tungechota ndoo nzima," alisema. "Nasema tu, ili iandikwe."

"Iandikwe," alikubali Nyemo. "Sasa chota kwa mkono."

Akachota kwa mkono. Alimshika Karanga pua, akasubiri shingo ipandishe, akaingiza vidole pembeni mwa taya mahali pasipo na meno, akatoka na tonge la kijani linalofuka mvuke, lenye ile harufu kali ya uchachu inayowasha macho. Matonge sita kwa saa. Yalichanganywa na maji ya uvuguvugu, yakanyweshwa.

Nyemo alitaka ng'ombe ishirini wapewe na ishirini wasipewe, ili kulinganisha kuwe sahihi. Ndivyo alivyofundishwa.

"Ishirini wangoje kufa ili wewe uandike vizuri?" aliuliza Mama Sechelela.

Nyemo alifungua daftari lake. Mavi ya wiki iliyopita yalikuwepo, yamepimwa, ng'ombe kwa ng'ombe. Kila mmoja angelinganishwa na yeye mwenyewe wa jana. "Wape wote," alisema.

Wa kwanza walikuwa wanne. Baada ya siku tano matumbo yao yalianza kushuka, na matonge yao yakawanywesha wengine kumi na sita. Hao wakawanywesha sitini, na sitini wakawanywesha waliobaki wote. Siku ya kumi na nane hakuna aliyekuwa amekufa kwa muda wa wiki nzima, na ndoo zikarudi nyuma ya mikia.

7

Mara hii vijungu havikupelekwa kituoni. Profesa Kilewo alileta tanuri na mizani bomani kwa lori, akaziweka juu ya meza ya kulia chakula ya Mama Sechelela, katikati ya watu. Kata jirani zilikuwa zimekuja, na wafugaji wa Kimang'ati kutoka kata ya majaribio kule Hanang waliotembea siku sita wakiwa na ng'ombe wao waliovimba matumbo. Waziri alikuwa amemtuma katibu wake, mwanamke mkimya aliyekataa kiti cha mbele.

"Nani asome?" aliuliza Profesa.

Nyemo alimsukumia mizani Mama Sechelela. "Soma wewe, mama. Ng'ombe ni wako."

Mama Sechelela alivaa miwani ya Yoeli, kwa kuwa yake aliisahau ndani. Alisoma kijungu baada ya kijungu kwa ile sauti ya kuita ng'ombe, na Yoeli akaandika ubaoni kwa chaki. Kumi na nukta mbili. Kumi na moja. Kumi na nukta tisa. Watu walikuwa wameshajifunza hesabu hiyo kama jedwali la kuzidisha. Kila namba iliyovuka kumi ilipokelewa kwa mguno, kisha kwa makofi, kisha kwa vigelegele. Kilipofika kijungu cha arobaini Nyemo aligawanya, na mkono wake uliandika namba kubwa kuliko alivyokusudia, ubao mzima.

Sitini na tatu kwa mia.

Kelele zilizopasuka ziliwashtua ng'ombe. Wanawake walimnyanyua Mama Sechelela, na Mama Sechelela akamshika Nyemo mkono hakumwachia, ikabidi wanyanyuliwe wote wawili, miwani ya Yoeli ikining'inia sikio moja. Mchungaji alicheza. Wamang'ati waliruka wima, wanaume na wanawake, na fimbo zao zikaruka nao.

Profesa Kilewo hakuruka, lakini alikuwa analia waziwazi, hajifuti. Alimwendea Mama Sechelela aliposhushwa chini.

"Mama, nina ombi. Lile Tumbo langu la Kioo. Linahitaji kufundishwa upya. Nipeni matonge machache nilitie, na kila mwaka nirudi kuwaomba mengine, lisije likasahau tena maisha ya nje."

"Na namba zake?"

"Hakuna namba yake itakayotoka bila mavi ya ng'ombe walio hai kuithibitisha. Ninyi ndio mtakaodaka, ninyi ndio mtakaopima. Katibu ameshaiandika iwe sheria."

Katibu aliinua daftari lake kuonyesha kwamba ni kweli.

Mama Sechelela alifikiri. "Ng'ombe wetu waliokufa hawatarudi, Profesa."

"Hawatarudi."

"Majina yao anayo daktari, na ya wale wa kwanza ninayo mimi. Yaandikwe kwenye hiyo sheria, juu kabisa, kabla ya jina la Waziri." Kisha akamsukuma begani, kwa upole kiasi chake. "Leta ndoo."

Ngoma zilipopoa, wageni wakapanga mstari na ng'ombe wao kusubiri kunyweshwa, mstari uliozunguka kilima hadi mwisho wake usionekane. Nyemo alijitenga, akakaa chini kwenye kivuli cha ukuta wa boma. Yoeli alikuja akaketi kando yake.

"Sikiliza," mzee alisema.

Nyemo alisikiliza. Ilikuwa sauti nzito, ya pamoja, kama mvua ya mbali juu ya paa la makuti, na ilimchukua muda kuitambua kwa sababu katika boma lile hakuwahi kuisikia. Ng'ombe karibu mia nne walikuwa wamelala chini, macho nusu yamefumba, na wote walikuwa wanatafuna.